Mlango wa Gari ni Debe

Maneno niliyoyasema alasiri moja hapa Chake Chake, Pemba, mbele ya madereva na vijana wanaojifunza ufundi wa magari. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, maalim wetu, madereva wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa mkekani na grisi bado iko kuchani: ahsanteni kwa kuniita. Nimepewa dakika 20 niseme namna ya kupunguza kelele ndani ya gari. Mimi ni dereva, si mhandisi, na dereva huzungumza kama anavyokwenda njia ya Konde. Pengine mbio, pengine anasimama kati ya njia kumsalimu mtu. Mtanistahamilia.

Hii hapa milango miwili ya Noah, ile ya zamani yenye injini chini ya viti vya mbele. Yote imetoka kwenye gari moja iliyokwisha kufa. Nyamazeni kidogo. Nagonga huu wa kwanza kwa kifundo cha kidole. Mmesikia? Paaang, na mlio unabaki hewani. Sasa huu wa pili. Tu! Basi, umekufa hapo hapo. Bati ni moja, kiwanda kimoja, unene mmoja. Tofauti yao ni vipande viwili vitatu nilivyovibandika ndani, vyote pamoja haviji kuzidi robo ya bati lote.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na mlango wa gari ni debe. Sakafu ni debe. Paa ni debe kubwa kuliko yote. Nani hapa hajalala chini ya bati usiku wa masika? Mvua ikishuka, mtu na mkewe hawasikilizani. Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya makuti, unaisikia kwa mbali kama mtu anayepeta mchele. Mvua haikupungua. Bati linaitikia kila tone, makuti hayaitiki. Na wale wenye kidumbak, ule muziki wa harusini, wanalijua sanduku lao: uzi peke yake hausikiki hata na aliye karibu, lakini ukishafungwa kwenye sanduku la mbao, harusi nzima inausikia. Basi tairi na injini ni uzi, na sisi tumekaa ndani ya sanduku.

Nitawaambia kilichonisukuma. Nachukua abiria wa boti, tunatoka alfajiri kwenda Mkoani, narudi, nageuza tena. Kwa miaka mimi sikuiona kelele kuwa ni jambo. Siku moja naingia nyumbani nauliza kama kuna chai, mama watoto akaniambia, "Mbona wagomba? Nimekukosea nini?" Sikuwa nagomba, yakhe. Nilikuwa nimezoea kusema juu ya injini, sauti imekwama huko huko juu. Nikakaa nikafikiri. Wataalamu wa afya kazini wanapima ukubwa wa sauti kwa desibeli, na wanatumia kiwango cha desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Ukipita hapo, kila desibeli tatu zinazozidi zinakata muda wako nusu. Kwa 88 ni saa nne, kwa 91 ni saa mbili. Dereva wa gari kuukuu, vioo wazi, spika imefunguliwa mpaka mwisho ili iishinde injini, ajipigie hesabu mwenyewe. Sikio likishakufa halina spea.

Nikaanza kazi, na nikaanza vibaya. Mara ya kwanza nilinunua mkanda ule wa lami wa kuzibia mapaa ya nyumba yanayovuja. Una foili juu, unanata, na bei yake inachekesha. Nikaona kumbe watu wanaibiwa bure, kitu si ndio hiki? Nikabandika milango yote na nusu ya paa, mwezi wa Novemba, gari ikatulia, nikatamba barazani. Ikaingia kaskazi. Januari, gari imesimama juani pale bandarini inangoja boti, bati la paa ukiligusa unaruka. Lami ya kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hivi, na bati jeusi kwenye jua letu linapita hapo bila kuhangaika. Ndani ikaanza kunuka kama barabara inayotengenezwa. Abiria mmoja, bi mkubwa, kajifunga buibui puani njia nzima. Kisha kipande cha paa kikaachia, kikadondokea juu ya kitambaa cha dari, dari ikafanya tumbo. Na mlangoni lami ilichuruzika mpaka kwenye reli ya kioo, kioo kikawa kinapanda kama mzee anayepanda ngazi. Siku nne nilikuwa nakwangua kwa kisu na mafuta ya taa. Sitaki kumlaumu aliyeniuzia; yeye aliniuzia mkanda wa paa, na mimi ndiye niliyeufanya wa gari.

Kinachofaa ni karatasi ya butili. Butili ni mpira, na nyote mmeshaushika: tyubu za matairi hutengenezwa kwa mpira huo. Haikauki upesi, na joto la gari inalistahamilia. Karatasi ya kawaida ina milimita 2 za mpira huo, na juu yake foili ya alumini. Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana watu wengi wanadhani foili ni pambo. Bati likitetema, mpira unavutwa huku na huku baina ya bati na foili. Foili haikubali kuvutika, bati halikubali kutulia, na mpira ulio katikati unasagwa. Kusagwa huko ndiko kunakoula mtetemo na kuugeuza joto, dogo hata mkono hauwezi kulijua. Ni kama ngoma: piga, kisha weka kiganja juu ya ngozi. Hukuiziba ngoma yote, umeweka kiganja tu, na imenyamaza.

Ndiyo maana sikufunika mlango mzima. Robo ya bati, pale katikati palipo tambarare pasipo mbavu, inatosha kuua mlio. Kufunika kila inchi kunaongeza faida kidogo na uzito mwingi. Mita moja ya mraba ya karatasi hii ina kilo 3 hadi 4. Tia mita 12 kwenye gari, umepakia karibu mfuko wa saruji, na mfuko huo hauteremki Mkoani wala haulipi nauli.

Lakini kabla ya kununua hata kipande kimoja, gari isikilizwe. Hili ndilo nililokuja kulisema, mengine yote ni nyongeza. Kijana anakuja kwangu anasema, "Ami, gari yangu inapiga kelele, nataka kuibandika." Namuuliza kelele gani, inatoka wapi, hajui. Mtu huyo akibandika gari yote, beringi la gurudumu lililokufa litaendelea kulia chini ya butili ya pesa nyingi. Tena ni hatari zaidi, kwa sababu sasa halisikiki vizuri mpaka siku litakapokatika.

Basi fanya hivi. Mwite mtu akuendeshee, wewe kaa nyuma. Zima redio, zima feni, funga vioo, na usizungumze. Ukisikia mvumo unaobadilika gari inapokata kona, unakuwa mkubwa kushoto na mdogo kulia, hilo beringi, nenda kwa fundi. Mvumo unaobadilika ukitoka kwenye lami na kuingia kwenye njia ya udongo ni matairi. Pengine yameliwa upande mmoja, na hapo dawa ni tairi na alaimenti, yaani magurudumu yanyooshwe. Mlio wa kukwaruza unaopanda na injini, tazama ekzosi imetoboka wapi. Kisha kuna vile vikorokoro: jeki haikufungwa, kibao cha namba kina skrubu moja, spana zinaogelea chini ya kiti. Mimi nilihangaika wiki mbili na mlio wa tiki-tiki upande wa kushoto, nikafungua mlango, nikabandika, nikafunga, ungalipo. Ilikuwa shilingi mia imeingia kwenye tundu la mkanda wa kiti.

Mipira ya milango nayo ipimwe. Chukua noti, funga mlango juu yake, kisha ivute. Ikitoka kwa taabu, mpira mzima. Ikiteleza kama uzi kwenye samli, upepo unaingia hapo na kelele inaingia nao, na utabandika mpaka ufilisike. Zunguka mlango wote, usipime mahali pamoja. Noti ya elfu inatosha, haibani zaidi ikiwa ya elfu kumi.

Sasa mlango wenyewe. Toa waya hasi wa betri kwanza. Gari zenye eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigonga, na zile zenye mikanda inayojikaza yenyewe, zina nyaya za manjano milangoni au chini ya viti, zile usizichezee. Kwa Toyota huwa wanasema ukishatoa betri ngoja sekunde 90 angalau. Mimi nakunywa chai kabisa. Kisha toa skrubu, ya kwanza huwa imejificha nyuma ya kishikio, na vuta paneli kutoka chini, klipu moja baada ya moja. Klipu mbili zitavunjika. Hiyo ni desturi, nunua kabla.

Ndani utakuta nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi. Usiichane! Hiyo ndiyo inayozuia maji yasije kwenye zulia lako. Ibandue taratibu, ihifadhi, utairudisha. Safisha bati la nje kwa ndani, mkono unaingia kwenye matundu makubwa. Vumbi la Pemba likichanganyika na chumvi ya bahari linakuwa ngozi ya pili. Sabuni, kisha kitambaa kikavu, kisha spiriti, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Vaa glavu. Ukingo wa bati ndani ya mlango unakata kama wembe, na foili nayo si haba. Alama hii ya kidole si ya kisu cha samaki.

Huko Ulaya na Japani nawaona wanatumia bomba la hewa moto kulainisha karatasi. Sisi Mungu ametupa jua. Zilaze karatasi juu ya boneti dakika chache, kisha ingia nazo kivulini, kwani zikizidi moto zinanata mpaka kwenye ndevu. Bandika kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha piga rola. Foili ina vivimbe vidogo vidogo kama uso wa nanasi. Sukuma rola mpaka vivimbe vilale. Visipolala, pana hewa chini, na hewa haisagi mtetemo. Sikuwa na rola, nikachukua kisukumio cha chapati cha nyumbani. Kinafaa sakafuni, mlangoni hakiingii. Na ukikirudisha jikoni, kioshe mara tatu, halafu nunua kipya hata hivyo.

Hapa nasimama, maana nina dhambi ya pili ya kuungama. Baada ya lami nikanunua butili ya kweli, ikaja kwa boti kutoka Dar. Nikawa kama mtu aliyefuturu kwa pupa. Nikabandika mlango wa kulia mpaka chini kabisa, kila ufa, kila tundu, nikajisifu kwamba hata sisimizi hapiti. Masika yakaingia. Siku moja napiga kona pale Ole, nikasikia chubwi! Nikapiga ya pili, chubwi! Abiria akauliza, "Dereva, umepakia madafu?" Nikasimama, nikautikisa mlango. Maji ndani, yanacheza kama kwenye kisima.

Wanangu, mlango wa gari haukuundwa ili maji yasiingie. Yanaingia kila siku, pale kioo kinapopita, mpira wa kioo hauzuii kila kitu. Umeundwa ili yaingie, yateremke, yatoke kwa matundu madogo chini ya ukingo. Nami nilikuwa nimeyaziba yote, manne. Nilipobandua karatasi ya chini, bati limeshaanza kuvimba kutu, na ilikuwa miezi miwili tu. Kisiwa hiki upepo wake una chumvi hata ukiwa shambani; bati likishapata maji na chumvi na giza halingoji ruhusa. Tangu siku ile, kabla sijafungua hata karatasi, naitafuta njia ya maji kwa kidole na kuitia alama ya chaki, na karatasi haishuki chini ya alama. Halikadhalika reli za kioo, fimbo za kitasa na nyaya: usiziguse. Kabla ya kurudisha paneli, pandisha na shusha kioo mara tano, fungua na funga loki, usije ukagundua usiku.

Kwenye sakafu sina maneno mengi. Toa viti, inua zulia. Utaona vipande vyeusi vigumu kama mkate wa juzi. Hiyo ni dawa ya kelele waliyoiweka kiwandani, wao pia walibandika sehemu tu. Ikiwa haijapasuka, iache. Ukiona kutu, usibandike siku hiyo. Piga brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke mpaka kesho yake. Kutu ikifunikwa haifi, inapata faragha. Na nguvu zako zipeleke kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Kwenye Noah kelele ya njia inaingilia hapo zaidi ya pengine popote, na ule ubavu wa bati nyuma ya mlango wa kuteleza ni ngoma iliyokaa kungoja mpigaji.

Kijana mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: kwa nini tusitie sponji ya godoro tu? Swali zuri, na jibu liko kwenye ndoo. Chukua kipande cha godoro, kizamishe, kikamue: maji tele. Weka hicho chini ya zulia masika moja, umefuga bwawa. Sponji inayotakiwa ni ile isiyonywa maji, vijumba vyake vimefungwa. Ukiizamisha inaelea, ukiikamua haitoi kitu. Hiyo ina kazi mbili. Inazuia plastiki isigongane na bati, na inapunguza joto la paa, ambalo kwa kaskazi ni neema kubwa kuliko ukimya. Butili peke yake joto hailizuii sana.

Lakini sponji hiyo haiui mvumo mzito. Sauti inayotetema mara 100 kwa sekunde, ule mguno wa ekzosi na lami mbovu, wimbi lake lina urefu wa mita 3 na nusu hivi. Ni refu kuliko kitanda chako. Wimbi la namna hiyo haliioni sponji ya milimita 6. Kwa sauti inayopita hewani linatakiwa pazia zito, yale mavinaili mazito ya kama kilo 5 kwa mita ya mraba, na lazima likamilike bila mwanya. Ni chandarua: tundu moja, na mbu wote wanalijua. Mimi nimelitumia juu ya kifuniko cha injini chini ya viti vya mbele tu, upande wa abiria, na nikahakikisha haligusi kitu cha moto. Gari nzima siwashauri. Ni ghali, ni zito, na mwanya hautakosa.

Paa nalo, kama nilivyokwambieni, limeshanitia adabu. Vipande vidogo, kimoja kimoja baina ya mbavu, na rola mpaka mkono uchoke. Dari ukiitoa usiikunje, mkunjo wake hauondoki.

Mtaniuliza nimepata nini. Nilipima kwa simu, njia ile ile, mwendo ule ule, kabla na baada. Simu si chombo cha maabara, lakini kwa kulinganisha inafaa. Yangu ilishuka desibeli tatu nne tu. Msicheke. Ili sikio lione kelele imekuwa nusu, zinatakiwa kama 10, na anayekuahidi hizo kwa karatasi tatu anakuuzia maneno. Lakini ule mlio wa debe umeondoka, mlango ukiufunga unasema "dup" kama wa gari ya wakubwa, na mtoto akilala Mkoani huamka Chake. Na nyumbani nimeacha kugomba. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Nimezidisha dakika, maalim ananitazama. Sasa inukeni mje karibu. Huu mlango wa pili nimeubandika mwenyewe jana usiku, kwa taa ya simu, na jicho langu si la zamani. Kopo la maji lile pale. Mmoja wenu amimine kwenye nafasi ya kioo, taratibu, na nyinyi wengine inamieni huku chini muhesabu matundu mangapi yanatoa maji. Yapo manne. Mkihesabu matatu, nipeni bisibisi.